Nilivyokwenda Unguja Kumchukua Hadija

Tangu nirudi, hapa standi ya Korogwe swali ni moja tu: Profesa, mtoto yuko wapi? Muuza karanga kaniuliza, wapiga debe wameniuliza, dereva mmoja wa Arusha kachungulia dirishani kaniuliza, kisha kaondoa basi hata jibu hajasubiri. Nimejibu mpaka koo limekauka. Na mnanijua, kila nikisimulia napunguza hapa naongeza pale, sasa kuna habari tatu zinazunguka mjini na zote zimetoka kinywani mwangu. Kwa hiyo naandika hii moja, mambo yaishe. Profesa mnaniita kwa dhihaka, najua, mtu niliyeishia kidato cha pili tena katikati ya muhula. Mtavumilia mwandiko.

Kwa asiyejua chanzo. Mke wangu ana dada yake, Saumu, mkubwa kwake. Saumu kaolewa na Salehe, kijana wa huko huko kwao Vugiri. Mimi na Salehe tumeoa dada na dada, yaani ni wanyumba, na mwanyumba ni mtu ambaye Mungu anakupa ili ujipime naye kila siku hata kama hukuomba. Yeye kasoma mpaka chuo kikuu. Mimi namenya machungwa. Yeye anaishi Unguja, ufukweni kabisa, pale Wazungu wanapopanda ndege kwenda kulala siku saba warudi kwao wakasimulie. Alianza mapokezi hotelini, mgeni mmoja akampenda, akamtafutia kazi ya kampuni ya kwao. Kazi anaifanya kwa kompyuta akiwa nyumbani, wenye kazi wako Ulaya, hawajawahi kumtia machoni. Hayo ndiyo mambo ya soko huria: sisi wengine lilitukuta na kisu na beseni, likatuacha na kisu na beseni.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho Salehe hana. Mtoto. Miaka kumi na moja ya ndoa, wao hawajajaliwa. Mimi ninaye Hadija, ana miaka tisa.

Desemba Saumu alikuja, akaomba aende na Hadija likizo. Tukampa. Mwaka mpya ulipoingia akapiga simu: "Shemeji, mtuachie Hadija asome huku." Kwetu mtoto kulelewa na mama yake mkubwa si jambo la ajabu, hata mimi nililelewa miaka miwili kwa shangazi. Jioni Mama Hadija akasema, "Dada yangu sijawahi kumnyima kitu. Lakini baba wa mtoto ni wewe. Nenda ukaone kwa macho yako, neno utakalolisema huko ndilo hilo hilo."

Mimi neno nilikuwa nalo kabla sijafunga mkoba. Narudi na mwanangu.

HANDENI MPAKA KOROGWE

Nilianzia Handeni kumuaga mama. Sikukusudia kukaa, lakini mama yangu hawezi kuona mtu anasafiri asimbebeshe.

"Unakwenda kwa watu mikono mitupu?"

"Mama, ni kwa mwanyumba tu."

"Mwanyumba hali chakula?"

"Anakula kuliko sisi wote."

"Basi mpelekee cha kwetu, ajue na sisi tunacho."

Akanipa asali, dumu la lita tano, ile asali nyeusi ya porini. Nikashukuru. Nikageuka, akaniita, akanipa jogoo. Jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa kipande cha khanga, ananitazama kama mimi ndiye niliyeomba safari.

Gari la kwenda Korogwe lilichelewa kwa kuwa dereva alikuwa anasubiri abiria wawili ambao baadaye ilijulikana walishaondoka jana yake. Nilikaa karibu na mzee mmoja Mmasai, anakwenda kumwona mwanawe hospitali. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Unakwenda wapi na huyo?"

"Unguja, mzee. Kisiwani. Kumchukua binti yangu."

"Huko ng'ombe wapo?"

"Kwa kweli sijui."

Akafikiri mwendo mrefu, vumbi linaingia, sisi tunakohoa. Halafu akasema, "Mtoto wako umempeleka mahali hujui kama kuna ng'ombe. Sasa anakunywa nini?"

Swali lile lilinikera kweli, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa nafikiria Salehe ana nini, sikuwahi kufikiria Hadija anakunywa nini. Aliposhuka akaniambia, "Mchukue mtoto. Hata kama wapo." Nikaona huyu mzee ana akili kuliko chuo kikuu kizima.

KOROGWE MPAKA DAR

Mnaokumbuka asubuhi ile, mlinisindikiza kwa kelele. Profesa anakwenda kufundisha Unguja. Profesa, jogoo ndiye katibu wako? Sawa. Kilichotokea mbele hamkukiona, na nashukuru.

Tulipopita Mkata dereva akasimamisha basi watu wachimbe dawa, yaani wajisaidie vichakani. Nami nikashuka, lakini nikaona nikimwacha jogoo kitini kuna mama mmoja nyuma yangu alikuwa anamtazama kwa jicho la sufuria. Nikashuka naye. Sasa mtu anachimba dawa na jogoo kwapani, mnadhani mkono wa tatu unatoka wapi. Nikamweka chini. Kipande cha khanga kikafunguka.

Jamani, yule jogoo alikuwa mkimbiaji. Aliingia kichakani mimi nyuma, konda nyuma yangu, wanafunzi wawili waliokuwa wanarudi shule nyuma ya konda. Basi zima limetoka kutazama, watu wamejipanga barabarani kama wako mpirani. Bibi mmoja akasema, "Mwacheni, huyo ameona mbali." Dereva anapiga honi. Nilimwomba dakika tano, akanipa, akaniongeza nyingine tano, kwa sababu tunafahamiana, huwa namtupia machungwa dirishani. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyemkamata, kwa kumlalia. Niliporudi kwenye basi nimechanika suruali gotini, abiria walipiga makofi. Mama wa jicho la sufuria akasema, "Ungenipa mimi tangu mwanzo yasingetokea."

Dar nilifika jua linazama, nikalala kwa jamaa yetu wa Handeni, asubuhi mapema bandarini. Mlangoni kijana mwenye sare akanitazama. "Mzee, kuku hai haingii."

"Huyu si kuku, ni zawadi."

"Zawadi hai haingii."

Nikatoka nje. Kulikuwa na mama ntilie anakaanga chapati, mnene, mcheshi. Nikanywa chai kwake, nikamweleza shida yangu na kwamba narudi baada ya siku tano. Akasema mwache hapa, mwanangu, ukirudi utamkuta. Nikamfunga jogoo mguu wa meza, nikamuaga. Yule jogoo hakunitazama tena.

KWENYE BOTI

Huku hakuna mengi. Sisi watu wa Handeni maji tunayajua ya ndoo. Nusu saa ya kwanza nilikaa nimekunja nne kama mwenye boti. Nusu saa ya pili nilikuwa nimeshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Dada mmoja wa Kizanzibari, mwenye buibui, akanipa ndimu ninuse, akaniuliza, "Safari ya kwanza, kaka?"

Nikamwambia hapana, huwa nasafiri sana, leo tu nimekula vibaya. Kisha nikatapika. Akanipa ndimu ya pili, hakusema neno. Mtu mstaarabu sana.

MJINI MPAKA KIJIJINI

Salehe alinipokea na pikipiki. Nilitegemea nimkute kanenepa, ndiyo nilivyomchora kichwani, maana wivu unakuchorea mtu tumbo. Nikamkuta mwembamba kuliko nilivyomwacha, macho mekundu. "Pole na safari, mwanyumba," akasema, "jogoo yuko wapi? Mama Hadija kanipigia kuniambia kuna jogoo." Nikamwambia jogoo atafuata. Dumu la asali nikalikumbatia, tukaondoka.

Barabara ni lami mpaka karibu na mlango wao. Nikatafuta shimo nilikosoe, sikuliona. Minazi, karafuu, upepo, bahari mbele ya rangi ambayo kwetu huwa tunaiona kwenye kalenda tu. Kila kizuri nilichokiona kilinichoma. Nyumba yenyewe ni ndogo, vyumba viwili na baraza, lakini ukikaa barazani bahari iko hapo, kama sisi tulivyo na vumbi la standi.

Hadija akatoka mbio. Nikapiga goti, lile la suruali iliyochanika, nikafungua mikono. Akanishika, akaniambia shikamoo baba, akanukia chumvi. Halafu akageuka kwa Salehe akasema, "Baba, nimekuwekea maji ya kuoga."

Najua. Mume wa mama mkubwa ni baba mkubwa, na baba mkubwa ni baba, wala hakuna kosa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha adabu hiyo. Lakini neno lile liliniingia kama kisu kinavyoingia chungwa.

Chakula cha jioni kilikuwa pweza. Saumu kampika kwa nazi, kafunika wali. Mimi kitu chenye miguu minane nawezaje kukila, nikawa nakivuka nachukua wali wa pembeni. Hadija anatafuna mkia ule, au mguu, sijui kinaitwaje, ananitazama.

"Baba, kula. Mtamu."

"Nimeshiba, mama. Nilikula kwenye boti."

"Mama mkubwa, baba anaogopa pweza."

Wakacheka wote watatu. Nikacheka na mimi, kwa sauti kuwashinda. Usiku nikahesabu: mwezi mmoja na siku chache, na mtoto wangu ameshakuwa na mambo ya kunicheka na watu wengine.

SIKU TATU ZA BARAZANI

Hapa ndipo nilipoharibu, na nawaomba msiniongezee.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikamkuta Salehe barazani. Kavaa shati zuri la kola, juu. Chini kavaa msuli. Miguu peku. Kompyuta mbele yake, imechomekwa kile kidude cha intaneti, masikioni kaweka vidude. Mimi kwetu nimefundishwa, ukimkuta mtu kazini unamsalimia, unampa pole ya kazi, naye anaitika nishapoa, ndiyo mwendelee. Nikasema, "Mwanyumba, pole na kazi." Kimya. Nikasogea, nikasema kwa sauti. Akaninyooshea kidole kimoja, huku anaongea Kiingereza peke yake. Nikasema labda hakusikia, nikamzunguka mbele nikainama, uso kwa uso, "Pole na kazi." Saumu akaja akanivuta shati.

Saa nne bado yuko pale. Saa sita kafunga kompyuta kaenda kulala. Kulala, mchana, siku ya kazi. Saa nane karudi barazani. Chakula cha mchana akala palepale, mkono mmoja, macho kwenye kioo. Na Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, mengi yananipita, lakini neno moja lilikuwa linarudi kila saa, na hilo nalijua vizuri sana kwa sababu mwalimu wangu wa Kiingereza ndilo alilokuwa ananitaka niliseme kila siku. Sori. Aimu sori. Veri sori. Salehe kutwa anaomba msamaha. Kwa upole, kwa huruma, anapumua, anaomba tena.

Siku ya pili vile vile, na usiku nikamsikia barazani bado anaendelea. Siku ya tatu vile vile. Nikajumlisha. Sasa nyie watu wa Korogwe mniambie: mwanamume mzima, siku ya kazi, saa nne asubuhi yuko nyumbani na msuli, halali usiku, macho mekundu, kakonda, na kutwa anamwomba mtu msamaha kwa simu. Amefanya nini huyo?

Kafukuzwa kazi. Anaomba arudishwe.

Nisiwadanganye. Nilifurahi. Nilitembea ufukweni mikono nyuma kama mwenye hoteli. Kuna Wazungu vijana wanakaa kwenye vibanda vya makuti, nao na kompyuta zao mapajani, wamelipa nauli yote ile kuja kufanya kazi mchangani. Nikawapa pole ya kazi mmoja mmoja, wote wakaniitikia asante. Nikapanda kwenye mwamba penye mtandao, nikampigia mke wangu.

"Mama Hadija, shemeji yako Salehe kafukuzwa kazi."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwa macho si ndiyo ulinituma? Anashinda barazani na msuli, analia kwa Wazungu wamrudishe. Hawa hawataweza kusomesha mtoto. Narudi naye wiki hii hii."

Mke wangu akasema, "Masikini dada yangu." Akakata. Nilitaka aseme kitu kingine, lakini sawa.

Niliposhuka mwambani nikakuta watoto wanne wa pale kijijini wamenizunguka, wa kike wawili na wa kiume wawili. Mmoja wa kike, kibogoyo, akaniuliza:

"Ndo weye babaake Hadija?"

"Ndiyo mimi."

"Ndo weye unosimamisha mabasi?"

"Mabasi gani?"

"Hadija kasema kwao kuna mabasi makubwa yanatoka Dar yanakwenda mpaka mlimani kwenye theluji, na yote yakimwona babaake yanasimama. Hata lenye haraka."

Wakanitazama. Mimi na goti langu nje. Nikasema ndiyo, yanasimama. Wakaulizana kwa macho, yule kibogoyo akasema, "Hata gari la serikali?" Nikasema hilo mara nyingine. Wakaondoka wameridhika.

Nikabaki pale na simu mkononi. Nilikuwa nimekuja na wivu wa kwamba mwanangu kamsahau baba yake kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta. Kumbe kutwa alikuwa ananijenga. Na mimi dakika ile nilikuwa nimetoka kumbomoa yule anayempikia na yule anayemchotea bahari yote hii. Lakini simu ilishakwenda, na simu ya Korogwe ikipigwa hairudi.

SIMU KUTOKA VUGIRI

Kumbe mke wangu alimpigia mama yake. Mama mkwe, mnaomjua, si mtu wa kukaa na jambo. Kwao Vugiri mtu wao akipata tatizo hawatumi salamu za pole, wanatoka na majembe. Asubuhi iliyofuata aliita ndugu na majirani, watu wakapanda mteremkoni pale juu ya kanisa, wakalima. Siku mbili. Mama mkwe akapika. Jioni ya pili akampigia Saumu.

Sisi tulikuwa tunakunywa chai. Saumu akaweka simu sikioni, "Shikamoo mama." Akasikiliza. Akasimama. Akasikiliza tena, mkono kaweka kifuani. "Mama, nani kasema? Mama, subiri. Mama, hatujafukuzwa." Halafu akanitazama mimi, na sikio lake bado liko kwenye simu. Nikaanza kutafuta kijiko kilichokuwa mkononi mwangu.

Alipokata akaketi. "Shemeji, watu wa Vugiri wamelima ekari nzima kwa ajili ya Salehe. Mama anasema turudi, mahindi yapandwe kabla ya mvua. Anasema hakuna aibu, watu wote wanajua."

"Wote?" Salehe akauliza.

"Mpaka padri katangaza kanisani."

Saumu akaanza kulia, si kwa hasira, hilo ndilo lililoniua. "Mama yangu ana miaka sabini kashika jembe," akasema, "kwa ajili ya uongo." Hadija alikuwa mlangoni. Alisikia. Akanitazama vile jogoo alivyonitazama Handeni.

Salehe aliinuka, akanishika mkono, akanipeleka barazani, akanikalisha kwenye kiti chake. Akafungua kompyuta. Akanivalisha vile vidude masikioni. "Sikiliza," akasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya Ulaya, inakwenda kasi. Sikushika neno. Lakini ile sauti naijua. Mama yule alikuwa anagomba kama abiria aliyeuziwa chungwa lililooza na basi limeshaanza kuondoka.

"Anasemaje?"

"Kanunua viatu, vimembana. Kampuni yetu inauza viatu. Wanunuzi wakikasirika wanaletwa kwangu. Kazi yangu ni kumwambia pole mpaka apoe."

"Ndiyo hiyo kazi?"

"Ndiyo hiyo. Kutwa. Wengine wako upande mwingine wa dunia, kwao mchana kwetu usiku, ndiyo maana nalala saa sita."

Nikavua vile vidude. Nikamwambia, "Mwanyumba, nimekosa. Nilitaka uwe huna kazi."

"Kwa nini?"

"Ili ukose kitu. Una bahari, una shule, una lami mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa na mtoto tu."

Akakaa kwenye sakafu, na lile shati lake la kola. Akasema, "Nimefanya kazi na watu wale miaka sita. Hawajui nina urefu gani. Siku nikifa wataweka mtu mwingine kabla shati halijakauka. Mtoto wako kafika hapa, siku ya kwanza tu kaniambia, baba yangu akisimama barabarani basi linasimama. Nikamuuliza, hata lenye haraka? Akasema hilo ndilo la kwanza. Sikulala siku ile kwa wivu."

Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika. "Ekari nzima," akasema. "Nimepata shamba bila kushika jembe. Endelea kunitangaza, mwanyumba, labda watanijengea na nyumba."

Nilimpigia mama mkwe mwenyewe. Sitaandika aliyoniambia. Kwa Kisambaa yanauma zaidi, na mke wangu alinitafsiria baadaye bila kupunguza hata moja.

KURUDI

Siku ya kuondoka, tulikula chakula cha mchana mapema ili niwahi boti. Hakuna aliyeniuliza neno langu ni lipi. Nilikuwa bado nalo. Kosa nililolifanya halikumfanya Hadija awe si mwanangu. Nikasema mbele ya wote, "Hadija, funga vitu vyako."

Akaenda. Nilidhani atalia, nikajiandaa. Hakulia. Akarudi na mkoba, nguo zimekunjwa vizuri kuliko mama yake anavyokunja, viatu chini, daftari juu. Saumu akamfunga kilemba, akafungua, akafunga tena. Salehe alikuwa barazani, anamwambia mtu sori.

Hadija akanivuta pembeni, karibu na jiko.

"Baba."

"Sema, mama."

"Nikiondoka, mama mkubwa atakula na nani mchana?"

"Si yupo baba mkubwa?"

"Yule anakula na kompyuta." Akatazama sahani tatu zilizooshwa, zimegeuzwa. "Kabla sijaja alikuwa anakula amesimama. Aliniambia. Nyumbani mama anaye wewe, na wewe unao watu wa standi."

Nawaambieni, nilitafuta jibu. Profesa mzima. Nilitafuta jibu la kejeli, la kuchekesha, hata la ukali. Mtoto wangu alikuwa hajasema anapenda bahari, wala shule, wala pweza. Vyote vile nilivyokuwa nimejiandaa kubishana navyo hakuvitaja hata kimoja.

Nikauchukua mkoba, nikaurudisha chumbani. Nikamwambia Saumu, "Mpaka likizo ya Juni. Juni namtaka nyumbani mwezi mzima, na asirudi anajua kuogelea kuliko kumenya chungwa." Saumu akaniinamia, akashika magoti yangu, lile zima na lile lililochanika. Nikamwambia ainuke, chai yangu inapoa. Hakukuwa na chai.

Nikiwa juu ya pikipiki Hadija akaja mbio. "Baba, basi likisimama Korogwe, nibipu kwenye simu ya baba mkubwa. Nijue."

Boti nilitapika tena, bila dada wa ndimu. Dar nikaenda kwa mama ntilie.

"Jogoo wangu yupo?"

"Yupo, mwanangu. Kaa." Akaniletea wali na mchuzi. Nilipomaliza nikauliza tena, yuko wapi. Akatazama sahani yangu. "Ulikawia siku mbili," akasema, "na asubuhi alikuwa anawika, watu wa bandari wakalalamika." Nikamwambia alikuwa mtamu. Kweli alikuwa mtamu. Ndiyo kitu pekee katika safari nzima nilichokifaidi kuliko Salehe.

Basi lilikuwa la Moshi, limechelewa, dereva simjui, anakwenda kama anafukuzwa. Baada ya Segera nikamsogelea konda, nikamwambia mimi nashuka Korogwe. Akasema anajua. Nikamwambia hakikisha linasimama. Akaniuliza, "Mzee, una nini? Umekata tiketi ya Korogwe, litasimama Korogwe."

Likasimama. Nyie mkalikimbilia na mabeseni kama kawaida, mmoja wenu akanichomekea machungwa dirishani akaniita bosi, hajanitambua. Nikashuka peke yangu. Mkaniuliza lile swali lenu. Sikuwajibu, nilikuwa natafuta namba.

Nikabipu mara moja. Salehe, kwa kuwa kazi yake ni kupokea simu, akapokea, akala vocha yangu.

"Limesimama?" akauliza.

"Limesimama."

Nyuma yake nikasikia watoto, kama wanne hivi, na sauti ya Hadija juu ya zao wote, Kiunguja kitupu: "Si niliwaambieni."